Kitufe Chini ya Kiti cha Mama Mukwe

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana hata leo nikipita karibu na soko la Kadutu kuna mama mmoja muuza ndizi ambaye huinuka kwenye kigoda chake, akakaa, akainuka, akakaa, huku ananitazama usoni, na wenzake wote wanashika mbavu. Basi afadhali niieleze aibu hii mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wanaotia chumvi (ingawa kwa kweli haihitaji chumvi).

Ilikuwa wakati wa vita, ile miaka ambayo Bukavu ilikuwa inabadilisha wakubwa na sisi tunabadilisha namna ya kuwasalimia. Wanajeshi wakiona gari linalotembea walikuwa wanalichukua, eti kwa kazi ya kikosi, na ukirudishiwa unarudishiwa chuma kitupu. Kwa hiyo kila mwenye gari mjini alijifunza kuliua gari lake mwenyewe kabla hawajaja wao. Huyu anatoa magurudumu na kuliweka juu ya matofali, yule analala na betri chini ya kitanda, na jirani yangu mmoja alizika kabureta kwenye shamba lake la maharagwe kisha akasahau alikozika (maharagwe yaliliwa, kabureta haijaonekana mpaka leo).

Kwetu kulikuwa na jeep. Tuseme vizuri: mama mukwe alikuwa na jeep, kubwa, ya zamani, ya rangi ya majani ya chai, aliyoachiwa na marehemu muzee, baba mkwe wangu. Hiyo jeep ndiyo ilikuwa inaleta mihogo na ndizi kutoka shamba lao la kule Miti, nje ya mji, na kwa mazao hayo mama mukwe alikuwa amelisha na kusomesha watoto wake wote tangu awe mjane. Jeep ikichukuliwa, nyumba nzima imelala njaa. Nayo ilikuwa mikononi mwangu, mimi mwalimu wa jiografia, kwa sababu moja tu: niliwahi kutengeneza pasi ikawaka, nikajisifu mezani.

Sasa shemeji yangu Furaha akapata mchumba, tarehe ya ndoa ikafika, na mama mukwe akatoa amri, "Furaha ataenda kanisani mu jeep ya baba yake, ao hataenda." Alimwambia hayo mke wangu, ingawa mimi nilikuwa nimekaa palepale. Mama mukwe alikuwa mtu wa heshima ya zamani, ambako mukwe na mama mukwe hawapeani mkono, hawaangaliani machoni, na hawasemezani ana kwa ana. Neno lazima lipitie kwa mtu mwingine, hata kama huyo mtu ni binti yangu Nsimire aliyekuwa bado mgongoni. ("Nsimire, muambie baba yako chakula iko tayari." Mtoto ananyonya kidole.) Mimi sikuwa na ugomvi na mila hiyo. Tena nawaambieni ina raha yake.

Basi nikaishusha jeep kwenye matofali. Mke wangu alisema, "Papa Nsimire, ita fundi," nikamjibu kwamba fundi akijua gari linatembea, na kijiwe chake kimejua, na kijiwe kikijua, kambi nzima imejua. Hapo nilikuwa na haki, ila ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa naona utamu. Nikasafisha plagi, nikarudisha betri, nikabadilisha nyaya zilizotafunwa na panya, nikapiga rangi pale palipoliwa na kutu, na kiti cha mbele cha abiria, ambacho ndicho kiti cha heshima, nikakifumua na kukijaza sponji ya godoro letu la zamani mpaka kikawa laini, ukikalia unazama.

Halafu nikapata wazo. Nilitaka dawa ya wanajeshi, kitu cha siri cha kuizima jeep ili hata mtu akiwa na ufunguo asiiwashe. Kwenye friji yetu (iliyokuwa kabati la kuhifadhia unga, kwa vile umeme ulikuwa hadithi) kulikuwa na kile kitufe kidogo cha mlangoni: mlango ukikibonyeza taa inazima, ukikiachia taa inawaka. Nikaking'oa. Ningekiweka chini ya usukani, lakini hapo ndipo kila mwizi anatafuta kwanza. Nikakiweka chini ya kile kiti cha abiria, kikitazama juu. Ukisukumia kijiti kati ya kitufe na kiti, moto wote unakatika, jeep ni maiti. Ukitoa kijiti, jeep inafufuka. Nilijaribu peke yangu uani, ikakubali, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, na sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Tulitoka mtaani kwetu Nguba asubuhi, jeep imevikwa maua na riboni, Furaha na mke wangu nyuma na lile gauni limejaa mpaka dirishani, na mbele, pembeni yangu, mama mukwe mwenyewe, mwanamke wa kujaa, amevaa kitenge kipya na kilemba. Kwa kuwa alikuwa karibu sana na mukwe wake alikaa ukingoni mwa kiti, amenyooka, kashika mlango, uso ameupeleka dirishani. Jeep ilinguruma vizuri. Nilipiga honi kama kawaida ya harusi, watoto wakakimbia nyuma yetu, nikajiona kidume.

Tukafika mbele ya nyumba ya jirani mmoja aliyewahi kusema Furaha hataolewa. Mama mukwe alimwona barazani. Akatabasamu, akapunga mkono polepole, kisha, kwa raha zake, akaegemea nyuma na kujiachia ndani ya ile sponji yangu.

Jeep ikazima.

"Furaha, muulize shemeji yako ni nini inapita," mama mukwe akasema, akainama mbele kuangalia. Nikawasha, ikawaka. Sponji, mnaelewa, sponji! Akikaa ukingoni kiti kinabaki juu, akijiachia kinazama na kubonyeza kitufe. Nilielewa palepale. Nilitakiwa kusema nini? Unamwambiaje mama mukwe, mtu ambaye humwangalii hata machoni, kwamba makalio yake ndiyo yanazima gari? Na kunyoosha mkono chini ya kiti alichokalia, hata kwa kutafuta kitufe, ni jambo ambalo ukoo ungelikalia kikao. Mficha uchi hazai, wazee walisema, nami nikaamua kuuficha.

Kwa hiyo dawa ikawa ni kuhakikisha mama mukwe hapati raha. "Furaha, muambie Mama aangalie kule, kuna maua mazuri!" Mama anainama mbele, tunakwenda. Anaanza kurudi nyuma. "Furaha, muambie Mama ashike mlango vizuri, haufungi!" Tunakwenda. Nilimtajia shimo ambalo halikuwepo, ng'ombe ambaye hakuwepo, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimekunywa. Karibu na soko la Kadutu sikuwa na kitu tena cha kutaja, na mama alikuwa amechoka, akazama, ikazima, akainuka, nikawasha, akazama tena, na wauza ndizi wakasimama kutuangalia jinsi mama mzima alivyokuwa anapanda na kushuka ndani ya jeep ya maua huku mukwe wake anapiga makelele kuhusu ng'ombe.

Juu kidogo ya soko kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Sajenti mmoja mrefu akainua mkono, akaizunguka jeep taratibu, akaipapasa ubavuni kama mtu anayenunua mbuzi. Nilijua tumekwisha.

"Motokari muzuri," akasema. "Shukeni wote. Tuko nayo na kazi."

Mama mukwe hakushuka. Alikunja mikono kifuani, akajiegemeza nyuma kwa uzito wake wote wa ujane, na kusema, "Hii ni jeep ya bwana yangu. Ndiyo inakulisha batoto yangu. Mi siinuke hapa." Na jeep, iliyokuwa bado inanguruma, ikanyamaza.

Sajenti akanitoa kwenye usukani na kuingia mwenyewe. Akazungusha ufunguo. Hakuna. Akazungusha tena. Hata taa moja haikuwaka. Akafungua kapo, kile kifuniko cha injini, akagonga betri kwa kitako cha bunduki, akarudi, akajaribu. Mama mukwe macho mbele, mikono kifuani, mzito kama mlima Kahuzi. Na mimi nimesimama barabarani namwomba Mungu asimpe mama huyu sababu yoyote ya kuinuka.

"Motuka ekufi," sajenti akawaambia wenzake. Limekufa. Akamwangalia Furaha aliyekuwa analia chozi la wanja juu ya gauni jeupe, akakuna kichwa, akauliza, "Kanisa iko wapi?" Nikamwonyesha, pale juu. Akapiga filimbi, "Sukumeni! Bibi harusi hawezi kutembea mu matope!"

Hivyo ndivyo nilivyopanda Kadutu. Mimi nimerudishwa kwenye usukani, jeep nzima kabisa, haina ugonjwa wowote, inasukumwa na wanajeshi wanaotoka jasho na kuimba Kilingala, na nyuma yao soko lote, na wauza ndizi wale wale wakiwa mbele kwa kuona vizuri. Kila aliyenijua alikuwa barabarani. Wanafunzi wangu waliimba pia.

Tukafika uwanja wa kanisa, uwanja unateremka kidogo, breki zangu (nilizitengeneza mwenyewe pia) zikawa hazishiki vizuri, nikaweka gia na kuachia klachi ili isimame, nikasahau kwamba sajenti aliuacha ufunguo umewashwa. Na wakati huo huo mama mukwe, kuona wageni wote wamesimama kumpokea, akasahau kila kitu na kuinuka kuwapungia.

Jeep ikanguruma! Sauti safi ya mashine nzima. Nyimbo zikakatika. Mshtuko ukamrudisha mama kitini, jeep ikazima. Akainuka kidogo kwa kushangaa, na kwa kuwa bado tulikuwa tunateremka, ikawaka. Akakaa, ikazima. Umati ukasema "Eeeh!" Mama mukwe akaangalia kiti chini yake, halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akaniangalia machoni.

"Papa Nsimire," akasema kwa sauti ndogo, "ni miye?"

"Ni weye, Mama."

Sajenti alikuwa anakuja mbio, uso umebadilika. "Muzee, kumbe iko nafanya!"

Mama mukwe akajikalisha mpaka springi za kiti zikalia. "Inafanya nini?" akamjibu. "Hata kuku, ukiisha kuikata kichwa, inapiga mabawa. Jaribu tena, mutoto yangu." Sajenti akajaribu. Kimya. Wenzake wakaanza kumcheka, naye akacheka, akaniambia niizike kwa heshima.

Ila hawakuondoka. Walikuwa wamesukuma harusi, na mtu aliyesukuma harusi anasubiri kula. Mama mukwe akatangaza kwamba miguu inamuuma na hatashuka. Padri alikuja, akashauri, akabembeleza. Mama akamnong'oneza kitu sikioni, na padri akarudi akiwa anauma midomo asicheke. Akawatoa bwana na bibi harusi nje, akawafungisha ndoa mlangoni pa kanisa, mita chache kutoka kwenye dirisha la jeep, na Furaha alipoulizwa kama anakubali alijibu kwa sauti ya kumfikia mama yake. Mama alilia, nami nililia, hilo sitalificha. Wali na nyama alipelekewa palepale, pamoja na wacheza ngoma.

Sajenti na watu wake walipoteremka kuelekea sokoni wakiwa wameshiba, mama mukwe alininyooshea mkono. "Nisaidie kushuka. Miguu imekufa kweli sasa." Nikashika mkono wa mama mukwe mbele ya ukoo wote, na mbingu hazikuanguka.

Niliapa siku ile, na kiapo nimekishika: sitagusa tena waya wa gari la mtu, na kitu cha siri sitakificha tena mahali ambapo adabu inanikataza kupeleka mkono. Kesho yake nikachukua bisibisi nikang'oe kile kitufe. Nilimkuta mama mukwe ameshakaa kwenye kiti, kikapu cha shamba mapajani, anangoja nimpeleke Miti.

"Kiache pale pale," aliniambia mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. "Wakiitaka jeep, watanibeba na miye."