Ng'ombe wa Kitabuni

Mimi simwamini mtoto anayesoma bila kukwama. Anayesoma kweli hukwama, huburuta kidole chini ya mstari, hurudi nyuma, hukuna kichwa. Sasa yule binti wa Darasa la Pili, kwenye shule niliyokuwa nafundisha upande wa Gulwe, alikuwa anatiririka tu. Wenzake wakampigia makofi. Mwalimu wa darasa la jirani akaniambia nimepata bahati. Bahati! Nikamwita mbele, nikayafunika maneno kwa kiganja, nikamwambia aendelee. Akaendelea. Nikafungua ukurasa mwingine kabisa. Akaendelea na uleule wa mwanzo.

Si nilisema! Pale shuleni watoto walizoea kusoma kwa kuitikia: mwalimu anatamka, darasa zima linarudisha kwa sauti moja mpaka bati linatikisika. Mwenye sikio zuri anakimeza kitabu kizima bila kujua herufi hata moja. Na wengi wao Kiswahili wamekikuta hapohapo darasani, nyumbani ni Kigogo kitupu.

Nilikwenda kumweleza mwalimu mkuu, mzaliwa wa hukohuko, mtu mpole lakini akishasema amesema.

"Basi, madam, nitampima mwenyewe kabla ya kufunga shule," akasema. "Akishindwa kueleza alichosoma, anarudia darasa."

Binti alikuwa ameshalirudia darasa hilohilo, na bibi yake, anayemlea, alikuwa amenitamkia waziwazi kwamba akirudia tena anamtoa shule akachunge mbuzi. Na yule bibi hakuwa mtu wa kutishia bure, nilimwona machoni.

Vitabu vya picha shule ilikuwa navyo, ila vilifungiwa kabatini ofisini visije vikachafuka. Mimi kitabu safi nakitilia shaka. Nikavitoa vyote, nikawapa watoto wavishike kwa mikono yao yenye vumbi. Kuitikia nikakupiga marufuku. Swali langu likawa moja tu: umejuaje? Ukisema mtoto wa pichani ana njaa, haya, nionyeshe hiyo njaa iko wapi. Ukisema mvua inakuja, nionyeshe. Msimwamini mchoraji, nikawaambia, na mimi pia msiniamini.

Binti alikuwa mjanja. Picha haangalii, ananiangalia mimi usoni aone jibu litatokea wapi. Nikawa nikishauliza nageukia ukutani. Weee, tulisumbuana! Lakini kidogo kidogo macho yakahamia kwenye kitabu, kutoka kwenye picha yakateremka kwenye maneno, na siku moja akasoma mstari mpya akakwama. Akarudi nyuma, akakwama tena. Nilifurahi jamani, nusura nilie mbele ya watoto wa watu.

Siku ya kupimwa, mkuu akaja na kitabu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, majibu yake yamechapwa nyuma. Akafungua ukurasa mmoja. Bibi kizee amesimama mlangoni ameshika tama. Mwanamume anamswaga ng'ombe kumtoa zizini, na ndama anafuata. Chini yake kuna mstari mmoja: Ng'ombe wa bibi anaondoka. Binti akausoma, akikwama pale kwenye kuondoka.

"Kwa nini ng'ombe anaondoka?" mkuu akauliza.

Nikachungulia majibu. Ng'ombe ameuzwa.

"Anapelekwa kwa watu," binti akasema. "Hajauzwa."

Mkuu akashika kalamu yake nyekundu. Na mimi wasiwasi wangu ukaamka: haya maneno kalishwa na nani?

"Umejuaje?" nikadakia, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Akaweka kidole juu ya ndama. "Huyu bado ananyonya. Ng'ombe anayenyonyesha hapelekwi mnadani. Anapelekwa kwa rafiki wa bibi, watoto wa huko wapate maziwa. Watamtunza, lakini ni wa bibi."

"Na mbona bibi ana huzuni?"

"Kwa sababu atakuwa mbali."

Mimi nimekulia Kikuyu, mjini Dodoma, mtoto wa mtumishi wa serikali, maziwa nikiyajua ya dukani. Sikuelewa kitu. Ila mkuu alikisogeza kitabu dirishani, akakitazama weee, mwisho akaanza kucheka.

"Ng'ombe wa marehemu baba yangu mpaka leo wako kwa watu," akasema. "Aliyeandika majibu haya si wa huku." Akafunika kalamu. Binti akapita kwenda Darasa la Tatu.

Mwingine angeridhika hapo. Mimi nikabaki na langu rohoni. Ng'ombe kawakuta kwao, nikajiambia, labda anajua ng'ombe tu, si kusoma. Mpe kitu kingine uone.

Siku ya kufunga shule alibaki darasani kufagia. Uhamisho wangu wa kurudi mjini ulikuwa umetoka, nyumba nimeshapata Area D, na niliyemwambia ni mkuu peke yake. Sikutaka vilio.

"Mwalimu, unahama," akasema, ameegemea ufagio.

Mkuu huyo, kesharopoka! "Nani kakwambia?"

"Hakuna."

"Umejuaje?"

Akanyoosha kidole ukutani. "Msumari wa mkoba wako umeung'oa. Vitabu tukimaliza kusoma ulikuwa unaviweka juu ya rafu, leo umeviweka chini, tunapofikia sisi. Na leo tangu asubuhi hujamgombeza mtu."

Nikakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamenifika kifuani. Basi, amesoma. Safari hii hata mimi sikuwa na shaka. Yeye akafagia kidogo, akasimama tena.

"Mwalimu, unaenda kama yule ng'ombe wa bibi," akauliza, "au unaenda mnadani?"

Nikafungua mdomo nimwambie nitarudi. Alikuwa ananitazama usoni, taratibu, kuanzia juu kushuka chini, vile nilivyomfundisha mwenyewe kuitazama picha. Nikaufunga.