Kufiwa kwa Kiingereza

Mama alizikwa Tanga alasiri, nami nikapata habari asubuhi ya siku hiyo hiyo, maana huku ng'ambo saa ziko nyuma, nikiwa kazini katika mji wa Crystal, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kaka yangu aliniambia kwenye simu, "Tumeshamsitiri, mdogo wangu. Hatukuweza kukungoja." Nje theluji ilikuwa inaanguka. Nilifuta uso, nikaingia chumba kilichofuata kumwogesha bibi mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiingereza.

"Umelia," akasema.

Nilitafuta neno la Kiingereza la kusema nimefiwa. Sikulijua, nikamwambia tu mama yangu amekufa. Akanipa neno: bereaved. Ualimu ulikuwa haujamtoka. Huku nikimsugua mgongo akanieleza asili yake. Kitenzi chenyewe, bereave, ni cha kale, na zamani maana yake ilikuwa kupora. Majambazi wakivamia kijiji wakaondoka na ng'ombe, wenyeji waliobaki mikono mitupu walikuwa bereaved. Habari ya kifo ilikuja baadaye.

"Kwenu mnasemaje?" akauliza.

Nikamweleza kwamba kwetu mtu hufiwa: anayekufa ni mwingine, lakini kufa kwake kunakuangukia wewe. Akasema neno letu lina upole zaidi.

Mimi sikutaka upole. Kesho yake asubuhi nilimpigia kaka. "Hatukufiwa," nikamwambia. "Tumeporwa."

"Nani kapora?" akauliza.

"Sijui. Lakini tumeporwa."

Akakata simu. Yeye na mkewe ndio waliomuuguza mama miezi saba, wakimgeuza kitandani, wakimlisha uji kwa kijiko, wakati mimi nalipwa kuwageuza wazee wa watu wengine. Alisikia kana kwamba namlaumu yeye. Karibu mwaka mzima hakupokea simu zangu. Nilimwandikia barua mbili, hakujibu.

Nilipopata karatasi za kusafiri nilikwenda Tanga. Alinipeleka makaburini, akasimama mbali nami. Baada ya dua nikamsimulia habari ya yule bibi na neno lake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia tu unaumia," akasema. "Hilo ningelielewa."

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Naamini alinisamehe, ila mpaka leo akizungumza nami huchagua maneno, kama mtu anayemsemesha mgeni.