Mzee Ndolo na Benchi la Nyuma, Kwa Kipara

Baba yangu, Mzee Ndolo, ni mtu ambaye ukimwonyesha kiti atauliza kwanza ni cha nani. Nasema hivi kwa heshima zote, maana ndiye aliyenizaa na kunisomesha, lakini ukweli usemwe: mzee huyu amenikondesha.

Alifanya kazi reli maisha yake yote, akastaafu na koti la kazi ambalo mpaka leo analipiga pasi kana kwamba treni inamsubiri. Tulilelewa Kaloleni, Nairobi, nyumba ya vyumba viwili, karibu na ukumbi wa jamii. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akirudi nyumbani, anavua tai ya kanisani, anafunga ile ya reli, halafu anaondoka peke yake. Ukimuuliza anaenda wapi, atakujibu, "Kwa Kipara." Basi. Hakuna aliyewahi kupata neno la ziada.

Kwa Kipara kila mtu wa Eastlands, upande wetu wa mji, alikujua. Zamani za mkoloni, ukingoni mwa msitu wa Karura kulikuwa na hoteli tatu nne za Wazungu, mahali pa kupumzika baada ya kupanda farasi na kulewa taratibu. Moja iliungua, nyingine sasa ni kanisa, na nyingine wanauzia mbao. Iliyobaki ni hiyo moja, nyumba ya mawe yenye paa la vigae na bomba la moshi, na jina lake ni la Mzungu aliyeijenga, ambaye kichwani hakuwa na unywele hata mmoja. Miaka ya tisini, Jumapili ilikuwa siku ya watu wetu kule. Kwaya zilienda kuomba chini ya miti, wachumba walienda kupigwa picha, na wote waliishia Kwa Kipara kula kuku.

Sasa sikia balaa langu. Mwaka wa tisini na saba Patrobas, kijana aliyefanya kazi katika kiwanda cha sabuni na kuishi mtaa wa Lucky Summer, alisema anataka kunioa. Wazazi wake, Mzee Kweyu na Mama Nabalayo, wangekuja kwa basi la usiku kutoka Webuye waje kuzungumza na Baba, na jioni hiyohiyo warudi. Kwa desturi wangekuja nyumbani kwetu. Lakini nyumbani mifereji ilikuwa imekauka tangu Alhamisi, dari inavuja, na choo tunagawana na majirani. Nikaona nina akili nyingi: kwa nini tusiwapokee Kwa Kipara, ambako Baba ni mwenyeji wa miaka na mikaka?

Nilipomwambia, alisema kule ni mbali kwa wageni. Mimi nikashikilia. Mama, ambaye alikuwa akichambua mchele, aliniambia nimuulize Baba vizuri. Nikamjibu kwamba hakuna cha kuuliza, nimeshapanga. Baba akasema, "Haya. Mtanikuta huko."

Tulifika saa saba na kitu, mimi, Mama, Patrobas na wazazi wake. Nilimwita weita kwa sauti ya mtu anayejulikana, nikamwambia sisi ni wageni wa Mzee Ndolo, mteja wenu wa siku nyingi. Alinitazama tu. Akamuuliza mwenzake, mwenzake naye akatikisa kichwa. Nikawaeleza kofia, nikawaeleza koti la reli. Hawamjui. Wakati huo nilikuwa nimeshawaambia wakwe, njia nzima kutoka mjini, kwamba Baba akiingia pale hata wapishi husimama. Mama Nabalayo alikohoa. Mzee Kweyu, kwa adabu zake zote, akauliza kama labda kuna Kwa Kipara nyingine. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Aliyeniokoa, kama ni kuokoa, ni mpishi mmoja aitwaye Koki aliyekuwa akipita na sufuria ya vitunguu. Alisema, "Si ni yule mzee wa dirishani?" Akanionyesha kwa kidevu upande wa nyuma.

Nilizunguka jikoni nikipita juu ya maji ya kunyonyolea kuku, viatu vyangu vipya vikiingia tope. Nyuma kulikuwa na kreti tupu, moshi, na kidirisha kidogo chenye mlango wa mbao. Chini ya hicho kidirisha palikuwa na benchi lililokaliwa mpaka likang'aa, na juu ya benchi ameketi baba yangu, tai shingoni, kofia gotini, soda ya tangawizi isiyo baridi mkononi, akiutazama msitu.

"Umefika," akasema.

Nilimwambia wageni wako mbele. Akasema vyema, niwaambie yupo. Nikamwambia waliotoka Webuye hawakuja kuambiwa yupo, wamekuja kumwona, kwa hivyo ainuke tuingie.

"Sijakaribishwa," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Ukutani pale mbele pameandikwa KARIBUNI kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko ng'ombe! Nikamwambia hivyo. Hapo ndipo Baba, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, alipoeleza jambo bila kuvutwa ulimi. Alikuwa kijana mgeni Nairobi, yeye na rafiki yake Mativo, wamevaa suti zao za kwanza. Walitembea kutoka Kaloleni wakauone msitu, wakafika pale na kiu, wakapiga hodi mlango wa mbele. Kipara mwenyewe alitoka. Aliwaambia watu kama wao wanahudumiwa dirisha la nyuma. Wakazunguka, wakauziwa mkate na soda kupitia kile kidirisha, wakaketi kwenye lile benchi. Uhuru ulikuja, Kipara akauza akaenda zake, mlango ukafunguliwa, na Mativo na wengine wote wakaingia ndani wakaketi kwenye viti.

"Mimi nilipiga hodi nikaambiwa hapana," Baba akasema. "Niliambiwa kwa mdomo, si kwa rangi ya ukutani. Mwenye nyumba hajawahi kuja kuniambia vingine."

"Tangu siku hiyo mpaka leo, Baba?"

"Na soda ya hapa ni ileile."

Mtu anagomea nyumba iliyokwisha badilisha wenyewe, anagomea maiti, na siku aliyoichagua kunionyesha mgomo wake ni siku ya posa yangu! Bila yeye hakuna mazungumzo. Hakukuwa na baba mkubwa wala mjomba Nairobi wa kumjibu Mzee Kweyu, na basi lao liliondoka jioni. Wazee wale wangerudi kwao wakasema baba wa msichana alikataa kuketi nao, na yangekuwa yameishia hapo.

Nilirudi mbele nikamkuta Mama ameshaanza bawa la kuku. Nikamuuliza kwa kunong'ona kama alijua. Akafuta midomo, akasema, "Nilikwambia umuulize vizuri."

Nilimwendea mwenye hoteli, Bwana Ndung'u, pale kaunta, foleni ya Jumapili imemzunguka. Nikamweleza. Akacheka, akasema mlango uko wazi tangu asubuhi, dada. Nikamsihi. Akamtuma weita. Weita akarudi akisema mzee amemuuliza kama nyumba ni yake, na alipojibu siyo, mzee akamwambia arudi kazini. Hapo machozi yakanitoka, mbele ya foleni nzima, na ya hasira ni mabaya kuliko ya huzuni kwa sababu hayafutiki upesi. Ndung'u alinitazama, akasonya, akaitupa taulo kaunta na kunifuata nyuma.

Alisimama mbele ya lile benchi, akalitazama lilivyong'aa. Nadhani alikuwa ameliona kila siku na hakuwahi kulitazama. Kisha akavua kofia yake.

"Mzee, mimi ndiye mwenye nyumba. Karibu. Upitie mlango wa mbele."

Baba aliinuka. Alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akamshika Ndung'u mkono, na hakuuachilia haraka. Mimi nikashusha pumzi, nikaanza kuondoka mbele yao.

"Asante, nimesikia," akasema Baba. Halafu akaketi tena, palepale, akanigeukia! "Lakini leo nina wageni wangu. Nthoki, kawaite. Waambie Ndolo anasema karibuni."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Viti vilibebwa, meza ikabebwa, kuku wa Mama akabebwa. Mzee Kweyu alipofika kwenye kona ya jikoni, hakuendelea. Alisimama kando ya kreti, akasafisha koo, akapiga hodi. Na nikamwona baba yangu, mtu niliyedhani namjua, akisimama wima kama siku ya kustaafu kwake, akifungua mikono yote miwili.

"Karibu," akasema. "Karibuni sana. Hapa ni kwangu."

Posa yangu ilikubaliwa hapo, kwenye moshi na harufu ya manyoya ya kuku, na wakwe zangu walirudi Webuye wakiisifu.

Jumapili iliyofuata Baba aliingia ndani. Koki ndiye aliyenisimulia. Alipangusa viatu, akapiga hodi kwenye mlango uliokuwa wazi huku wateja wakimshangaa, akasubiri mpaka Ndung'u akatoka kaunta kumkaribisha. Aliketi, akamaliza soda moja, akashukuru. Kisha akazunguka akarudi kwenye benchi lake. Nilipomuuliza sababu, alisema viti vyao vinauma mgongo na ukiwa ndani msitu huuoni.

Kwa hivyo mpaka leo, nikitaka kumwona babu wa watoto wangu Jumapili, ni lazima nizunguke jikoni na mtoto mgongoni, niruke yale maji ya kuku, nifike kwenye kona ya kreti nisimame. Hapo napiga hodi. Nisipopiga, haitiki.