Tasi Asiye na Miiba

Mwezi uliopita nilirudi Mikindani, na sokoni muuza samaki akaniuliza kama anitolee miiba ya tasi niliyemchagua. Alishashika mkasi. Nilimkataza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, hata akina mama waliokuwa karibu wakageuka kunitazama, na masikio yangu yakaanza kuwaka. Labda wewe mwenzangu humjui tasi: si samaki mkubwa, mtamu mno kwa nazi, ila mgongo wake umejaa miiba yenye sumu. Kila mtoto wa pwani analijua hilo. Mimi sikulijua.

Tulikuwa watu wa kuja. Baba alihamishiwa bandarini Mtwara miaka ya tisini, tukapanga Mikindani, sisi watu wa milimani ambao samaki tuliyemjua ni yule wa mto wa maji baridi. Baba alimvua sana utotoni, na hakuchoka kutusimulia alivyomvizia kati ya mawe. Hakuwa na mtoto wa kiume, basi hamu yake yote ya uvuvi akanibebesha mimi, binti yake. Alinizungushia mshipi wa kuvulia kwenye kopo, akafunga nati ya baiskeli iwe chubwi la kuuzamisha, akaniambia niende.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kimakonde aliyeuza samaki wa kukaanga, na binti yake ndiye rafiki yangu. Tukishateka maji na kukuna nazi, yeye na wenzake wawili walinichukua hadi miambani. Tulikaa tumening'iniza miguu, tukitafuna korosho za kuchoma zilizotuachia masizi midomoni. Wenzangu walivua samaki aina ya changu, mimi nilivua majani. Walinicheka, nami nikacheka nao huku roho inaniuma, maana nikifika nyumbani baba alichungulia kikapu kabla hata ya kuitikia shikamoo yangu.

Asubuhi moja nikaropoka kwamba leo mboga naleta mimi, mama asinunue kitu. Mpaka alasiri sikuwa nimepata hata dagaa. Wenzangu wakanituma nikatafute kamba wengine wa chambo kwenye vidimbwi. Niliporudi, mshipi wangu umekaza na wote wanapiga kelele, "Vuta! Vuta, utamkosa!" Nikavuta. Akatoka tasi mnono. Hakurukaruka hata kidogo, nikadhani nimemchosha.

Nilipita naye mtaani nimemwinua juu kila mtu amwone. Baba alimgeuzageuza, akaniita mvuvi wake, akamwomba mama amwalike jirani aje tule pamoja. Jirani akaja na bintiye na bakuli la kisamvu. Akamtazama samaki kwenye sinia, akamtazama tena.

"Hajakuchoma nkono, ntoto wangu?"

"Hata kidogo, mama! Nimepambana naye sana, lakini huyu hana miiba."

Rafiki yangu alikuwa anachora ardhi kwa kidole cha mguu. Mama yake akamwangalia, kisha akanigeukia.

"Hongera. Nyumba hii imepata nvuvi."

Akakataa kukaa kula, akasema kwake kuna kisamvu kingine.

Wiki chache baadaye tulimsaidia babu mmoja kumwaga dema lake, ule mtego wa kusuka. Tasi huingia humo kufuata mwani, akatuambia, chambo cha kamba hata hakigusi. Sikumsikiliza vizuri. Nikamkamata tasi kwa kiganja kizima kama mzoefu, na maumivu yakapanda mpaka kwapani. Rafiki yangu akanikimbiza kwao, akanitumbukiza mkono kwenye maji ya moto. Mle jikoni, katikati ya kilio, nikaona beseni la tasi wabichi wa kukaanga, wote wamekatwa miiba, na mkasi wa mama yake juu yao.

Hapo nikaelewa. Samaki wangu alitoka kwenye beseni lile. Mama yule alimtambua, akaniachia sifa zangu mbele ya baba, akarudi kula kisamvu. Alipoingia kuniuliza kama nimepata nafuu nilishindwa kumtazama usoni.

Baba alisimulia habari za tasi yule mpaka alipofariki, na kila mara niliinamisha kichwa, watu wakidhani ni unyenyekevu.

Miamba ile sasa imezungushiwa ukuta wa mtu. Sisikii tena watoto wakipigiana kelele za kuvuta mishipi. Rafiki yangu aliolewa Nanyamba, ana mashamba ya korosho, na wale wenzetu wawili sijui waliko. Jirani bado yupo, macho yake yamepungua nguvu. Nilimwamkia, nikamwekea mfuko wangu wa sokoni mapajani. Akapapasa ndani taratibu, halafu akautoa mkono haraka.

"Eh! Huyu ana miiba," akasema. "Basi huyu umenvua mwenyewe."

Masikio yakawaka tena kama ya mtoto. Kumbe hakusahau.

"Nimemnunua, mama," nikasema.

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga, kisha akaniambia nimletee mkasi.