Mwalimu Aliyeagiza Kiti Kibovu

Mimi ni seremala, na kiti changu hakiyumbi. Nimekalisha maharusi, nimekalisha wakubwa wenye matumbo yao, hajainuka mtu akilalamika. Shule niliiacha darasa la tano. Ilikuwa imeishiwa cha kunifundisha. Msomi wa nyumba yetu ni mdogo wangu wa kike, mwalimu wa darasa la pili. Mfupi kama nukta, lakini akishaamua jambo, hata mama hujifanya ana shughuli jikoni.

Jumatatu moja alinijia karakanani, chaki kwenye nywele.

"Kaka, nataka kiti kinachoyumba."

Nikaweka randa chini. "Rudia."

"Mguu mmoja uwe mfupi, nusu kidole. Kitikisike, ila kisimwangushe mtoto."

"Unataka niitwe fundi wa kubahatisha?"

Akanieleza. Darasani ana binti wa miaka minane, wenzake wanamwita Cherehani kwa sababu mguu wake haukomi kukanyaga. Akilazimishwa kutulia, herufi zinamkimbia, kisha analia na kutupa daftari. Sasa Mwalimu Mkuu amesema Ijumaa atamsikiliza akisoma ukurasa mzima, bila kuinuka kitini. Akishindwa, arudi kwao mpaka atakapotulia.

"Dawa yake ninayo," nikasema. Nikamtengenezea kiti cha mbao ngumu, kizito, mwenyewe nilikibeba kwa kupumzika mara tatu. Akitikise tuone.

Alhamisi mdogo wangu akarudi.

"Kiti kizuri, kaka. Kinamfaa mtu mwenye kesi mahakamani."

"Mtoto je?"

"Yuko chini ya meza tangu asubuhi. Kaka, ule si ukorofi. Mwili wake ukipata kazi kidogo, kichwa nacho kinapata nafasi ya kusikia."

Nikachukua msumeno, nikamfuata shuleni, nikakata mguu mmoja nusu kidole huku nimegeuza uso.

Ijumaa nilijipeleka shuleni, eti kukagua bawaba za mlango. Cherehani akakaa, akaanza kusoma. Ko-ko, ko-ko, kiti kikajibu. Mwalimu Mkuu akakunja uso. Katikati ya ukurasa neno likamkwama mtoto. Nikaona vidole vinakibana kitabu, nikajua sasa kitatupwa. Mdogo wangu akagonga meza kwa kidole, taratibu, akifuata mlio wa kiti. Ko-ko. Neno likatoka vipande vipande, na mengine yakafuata mpaka mwisho wa ukurasa.

Mwalimu Mkuu akavua miwani. "Amesoma. Lakini makelele haya."

"Anabaki?" mdogo wangu akauliza.

"Anabaki. Makelele mtajua wenyewe."

Nikapiga magoti pale pale, nikakata soli ya ndala kuukuu na kuigongomelea chini ya miguu ya kiti. Cherehani alinisimamia, mikono kiunoni.

"Fundi, usiweke nene sana. Kitaacha kucheza."

Nikapunguza. Tangu nianze useremala, walioniamrisha kwenye kazi yangu nikatii wamefika wawili, na wote wako darasa la pili.