Amplifaya Yenye Mkwaruzo

Juzi niliona amplifaya kuukuu ikiuzwa Mwembe Tayari, nikanusa tena moshi wa risasi ya kulehemu katika kibanda cha fundi wa redio. Utotoni mama alinichukua humo kwenda kuchagua yetu, akabeba kanda ya baba ya kuijaribia, ile aliyotuzungumzia kutoka Uarabuni badala ya barua. Katika amplifaya ya kwanza baba alisikika wazi kabisa, na nyuma yake mtoto akilia, mwanamke akimbembeleza. Nilidhani wako uchochoroni.

Mama akaizima. "Nipe ile nyengine."

"Ina mkwaruzo, dada yangu," fundi alimwonya, "na bei ni moja."

"Hiyo hiyo."

Miaka mingi nilimcheka mbele ya wageni, eti hajui kuchagua. Nilipokuja kukutana na yule mtoto aliyelia kwenye kanda, ndugu yangu kwa baba, mama alikuwa ameshazikwa. Hakuwahi kujitetea, aliniachia baba yangu vile vile nilivyompenda.