Nimewaambia wakwe historia ya nyimbo za marehemu mke wangu imefutika, lakini ninayo

Admin, asante kwa kunificha. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na nne, mtumishi wa umma, naishi Kibaha. Mke wangu alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa mapafu, hatukujaliwa mtoto. Naandika nikiwa nimechoka, mnivumilie nikirefusha.

Mke wangu alikuwa mwalimu na mwimbaji wa kwaya. Ugonjwa ulipomnyima pumzi ya kuimba alibaki na laptop yake, ndani kuna nyimbo zaidi ya elfu mbili, kwaya, dansi za zamani, taarabu, zote amezipanga mwenyewe. Ile programu ya kuchezea nyimbo inaweka historia: kila wimbo umesikilizwa mara ngapi, siku gani, saa ngapi. Ila nyimbo zenyewe zilibanwa ziwe ndogo, enzi zile za kutumiana kwa simu, kwa hiyo waimbaji wanasikika kama wako ndani ya ndoo.

Mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, kazi yake ni kurekodi kwaya. Ndiye aliyerekodi ya dada yake, na bado anazo rekodi zenyewe, faili nzito ambazo hazijabanwa wala kupungua chochote. Mwaka huu laptop ilipoanza kujizima ovyo, akashauri tuhamishe kila kitu kwenye kompyuta mpya, na kila wimbo tunaoweza kuupata kwa ubora kamili tuuweke badala ya ule wa zamani. Mama yao, mjane anayelima mihogo Masaki, Kisarawe, alifurahi sana. Akaomba kitu kimoja tu: nyimbo zipangwe kwa kufuata hiyo historia, zile mwanawe alizosikiliza zaidi siku za mwisho zianze.

Tulijaribu kwanza albamu moja ya kwaya, kwenye nakala tuliyoitengeneza ndani ya laptop hiyohiyo. Tukafuta za zamani, tukaweka mpya. Nilimsikia mke wangu akivuta pumzi kabla ya ubeti, kitu ambacho kwenye zile za zamani hakikuwepo. Nikatoka nje kidogo. Niliporudi shemeji alikuwa ameinamia kioo cha laptop, maana hesabu zote zilikuwa sifuri. Programu imeziona kama nyimbo ngeni ambazo hakuna aliyewahi kuzisikiliza.

Siku chache baadaye akanipigia, amepata njia. Historia inatolewa kama orodha, kisha kila mstari unaunganishwa na faili mpya. Kwa kuwa majina hayalingani, ataifanya kwa mkono. "Nitaipitia yote, shem, tarehe na saa," akaniambia. "Hakuna kitakachopotea."

Hizo tarehe na saa ndizo nilizoziogopa.

Ndugu zangu, miezi miwili ya mwisho nilichukua likizo ili nimuuguze. Mama mkwe alitaka kuja tusaidiane, nikamwambia apumzishe miguu yake, mimi nipo mchana kutwa. Wiki za mwanzo nilikuwepo kweli. Baadaye nikashindwa. Sauti ya ile pumzi, jamani. Nikishamlisha na kumpa dawa za mchana, namwambia nafuatilia jambo ofisini, naenda kukaa grosari huku Maili Moja na soda moja hadi jua linazama. Sikuwa na mwanamke wala sikulewa. Nilikuwa nimekaa tu. Simu yake nilikuwa naizima na kuondoka nayo, kwa hiyo mama mkwe akitaka kuongea naye mchana ananipigia mimi, nami namjibu amelala. Kila siku amelala. Mke wangu hakuwahi kuniuliza ofisini kuna jambo gani lisiloisha.

Baada ya mazishi nilifungua ile historia. Hakuwa analala. Upo wimbo mmoja wa kwaya yao, ubeti wa kwanza anaongoza yeye. Kwa wiki zile ameusikiliza mara sitini na tatu, zote kati ya saa nane na saa kumi na mbili jioni. Alhamisi ya mwisho ameurudia mara kumi na moja mfululizo. Akiisoma shemeji, na mama yake akakumbuka siku alizopiga simu, watajua sikuwepo. Na huyu mama ndiye aliyesimama msibani mbele ya ukoo akanishukuru kwamba mwanawe hakuachwa peke yake hata siku moja.

Wiki iliyopita nikadanganya tena. Nilimwambia shemeji laptop imekufa kabisa na historia imekwenda nayo. Kumbe nimeihamishia kwenye flash, iko kabatini. Akasema angalau nyimbo zenyewe zipo, tulishazihamisha. Nikampigia mama mkwe, nikamwamkia, nikamweleza. Nilitegemea alie. Hakulia.

"Si kitu, baba," akasema. "Mashine ni mashine. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Jumapili njoo na shemeji yako, utatuambia wewe mwanangu alikuwa anapenda upi."

Nikajibu, "Sawa, mama."

Sasa sili, silali. Nikiutaja ule wimbo, wataamini niliusikia nikiwa nimekaa naye, na mama atanishukuru upya. Nikiitoa flash, nampa siku za mwisho za mwanawe jinsi zilivyokuwa, saa kwa saa, na mimi simo. Yeye ana miaka sabini na miwili, sijui kama ukweli huu ni wa kumsaidia au ni wa kunipunguzia mimi mzigo. Jumapili ni keshokutwa. Wenye wazazi, wenye wakwe, mliowahi kuuguza, niambieni: niende na flash, au niende na mdomo tu?